Yowe la Ng'ombe Mgonjwa: Sheria ya Kutoa Taarifa za Magonjwa ya Mifugo Inavyofanya Kazi

Asubuhi moja ya kiangazi, katika kitongoji kimoja wilayani Nzega, mkoani Tabora, nilimkuta mzee mmoja amesimama mlangoni mwa zizi akimtazama maksai wake aliyelala ubavu, miguu imenyooka, tumbo limekwisha kujaa. Jioni iliyotangulia maksai huyo alirudi malishoni pamoja na wenzake bila dalili yoyote. Sasa puani na chini ya mkia alikuwa anatoka damu nyeusi, nyepesi, ambayo haikuganda ingawa jua lilikuwa limepanda. Majirani wawili watatu walikwisha kufika na visu na masinia, maana maksai ni nyama nyingi na kijijini kitoweo hakitupwi ovyo. Mzee aliwazuia kwa mkono. "Huyu hachunwi," alisema. Kisha akanyamaza muda mrefu, simu mkononi, bila kupiga. Nilipomuuliza anasubiri nini, alinijibu: "Mwanangu, nikimwita bwana mifugo leo, wiki hii sitauza hata mbuzi. Na ada ya mtoto inadaiwa."

Alipiga hatimaye. Lakini ule muda aliosimama na simu mkononi ndio ninaotaka kuufafanua hapa, kwa sababu sheria yote ya kutoa taarifa za magonjwa ya mifugo, kuanzia kitongojini hadi kwenye makao makuu ya Shirika la Afya ya Wanyama Duniani huko Paris, inategemea muda kama ule na uamuzi wa mtu kama yule.

Tanzania Bara inaongozwa katika jambo hili na Sheria ya Magonjwa ya Wanyama, Na. 17 ya mwaka 2003. Kiini chake si kigumu. Mwenye mnyama, au anayemtunza kwa niaba ya mwenyewe, akishuku kwamba mnyama huyo ana ugonjwa uliotajwa kisheria, anawajibika kumtenga na wenzake na kumjulisha mtaalamu wa serikali bila kuchelewa. Kuanzia hapo mamlaka ya mifugo inapata uwezo wa kuweka karantini, kuzuia mifugo isihamishwe, kuamuru chanjo, kuelekeza mizoga iteketezweje, na kumshtaki anayekaidi. Maneno "anayemtunza" yana maana kubwa katika mkoa kama Tabora, ambako makundi mengi huchungwa na vijana wa kuajiriwa au na ndugu waliogawiwa ng'ombe wa kutunza, huku mwenye mali akiishi mjini au wilaya nyingine kabisa. Mchungaji hawezi kusema kwamba alikuwa anamsubiri tajiri wake.

Neno lenye uzito kuliko yote hapo ni kushuku, na nadhani kutoeleweka kwake ndiko kunakowafunga mdomo watu wengi kuliko hata hofu ya karantini. Mfugaji hudhani anatakiwa kuutambua ugonjwa kwanza, ndipo auripoti. Sivyo. Ng'ombe anayechechemea na kudondosha mate anaweza kuwa na ugonjwa wa miguu na midomo, na anaweza kuwa amechomwa na miiba kwato na ulimi. Ng'ombe anayekohoa na kutanua miguu ya mbele ili apate pumzi anaweza kuwa na homa ya mapafu ya ng'ombe, na anaweza kuwa na kichomi cha kawaida. Kutofautisha ni kazi ya mtaalamu, na mara nyingi ni kazi ya maabara. Mfugaji anaombwa kitu kimoja, yaani kusema kile alichokiona. Ndiyo maana wilaya inayopeleka taarifa nyingi za shaka, ambazo nyingi huishia kuwa si kitu, ni wilaya ya kutegemewa kuliko ile inayokaa mwaka mzima bila neno. Ukimya wa wilaya yenye maelfu ya ng'ombe hauna budi kutiliwa mashaka.

Kuna tabia moja inayoharibu hatua hii ya kwanza, nayo ni ya kukimbilia duka la dawa za mifugo. Mfugaji hununua chupa ya dawa, humdunga ng'ombe mwenyewe, na kumwita mtaalamu pale tu dawa inaposhindwa. Simlaumu, kwani bwana mifugo mmoja anaweza kuwa na kata nzima ya kuhudumia na pikipiki isiyo na mafuta. Lakini dawa hizo za kuua vijidudu zinaweza kuzima dalili bila kuumaliza ugonjwa. Katika homa ya mapafu ya ng'ombe, mnyama anayeonekana kupona anaweza kubaki na donge la ugonjwa lililojifungia ndani ya pafu kwa miezi mingi, akatembea, akala, akanenepa, akauzwa, na akaambukiza kundi jipya alikopelekwa. Isitoshe, sampuli iliyochukuliwa baada ya dawa huenda isioneshe chochote, na maabara ikajibu kwamba hakuna ugonjwa wakati ugonjwa upo.

Si kila ugonjwa unaodaiwa taarifa ya namna hii. Minyoo huwadhoofisha ndama wengi na ugonjwa wa kiwele huwapotezea watu maziwa kila siku, lakini hayo ni mambo ya mfugaji na mtaalamu wake. Yanayotakiwa kuripotiwa ni magonjwa ambayo madhara yake hayaishii katika zizi la mtu mmoja: yale yanayovuka mipaka kwa haraka, yale yanayowapata binadamu, na yale yanayoweza kuiangusha biashara ya mifugo ya nchi nzima. Katika orodha ya kimataifa wamo kimeta, homa ya mapafu ya ng'ombe, ugonjwa wa miguu na midomo, mapele ngozi, sotoka ya mbuzi na kondoo, homa ya Bonde la Ufa, kichaa cha mbwa, ugonjwa wa kutupa mimba, homa ya nguruwe ya Afrika, kideri cha kuku na mafua makali ya ndege, pamoja na mengine mengi.

Wamo pia nyuki, jambo linalowashangaza hata wafugaji wenyewe. Katika kanuni za kimataifa za afya ya wanyama wa nchi kavu, wanyama hao ni mamalia, ndege, reptilia na nyuki, na orodha ina magonjwa na wadudu sita wanaowahusu nyuki peke yao. Kwa Tabora hili si jambo la pembeni. Misitu ya miombo ya Sikonge na Urambo inajulikana kwa asali, na mjini Tabora kipo chuo cha ufugaji nyuki. Mmoja katika hao sita ni mbawakawa mdogo wa mizinga, ambaye asili yake ni huku kwetu kusini mwa Sahara. Nyuki wetu wamemzoea na wanajua kumdhibiti. Alipogunduliwa Florida, Marekani, mwaka 1998, na kisha Calabria, kusini mwa Italia, mwaka 2014, alihesabiwa kuwa janga, kwa sababu nyuki wa huko hawakuwahi kuishi naye. Mfano huu unafunua jambo ambalo orodha peke yake hailisemi: ugonjwa haupimwi kwa ukali wake tu, hupimwa pia kwa mahali ulipoonekana. Kinachoweza kuwa habari ya kawaida Sikonge ni habari ya dharura Calabria, na kinyume chake.

Orodha hiyo hutunzwa na Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, lenye makao yake Paris na nchi wanachama 183, Tanzania ikiwa mojawapo. Lilianzishwa tarehe 25 Januari 1924 na nchi 28, na chanzo chake kilikuwa safari ya ng'ombe. Mwaka 1920, ng'ombe wa zebu waliokuwa wakisafirishwa kutoka India kwenda Brazil walipitishwa bandari ya Antwerp, Ubelgiji, na sotoka, tauni kali ya ng'ombe, ikashuka nao. Nchi za Ulaya zikatambua kwamba kila moja ilikuwa ikijilinda peke yake dhidi ya ugonjwa ambao jirani alikuwa nao na hakusema. Kwa hiyo kazi ya kwanza waliyoipa taasisi yao mpya ilikuwa kuambiana.

Leo kuambiana huko kuna taratibu mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni taarifa ya dharura: ugonjwa ulioorodheshwa unapotokea mara ya kwanza katika nchi au katika eneo lililokuwa salama, au unaporudi baada ya kutangazwa kwamba umekwisha, au unapobadilika ghafla na kushambulia kwa namna mpya, nchi inatakiwa kuijulisha dunia ndani ya saa 24, na kuendelea kutoa maelezo ya kila wiki hadi tukio lifungwe. Ya pili ni taarifa ya kila miezi sita, inayohusu magonjwa ambayo tayari yapo nchini. Ugonjwa wa miguu na midomo nchini Tanzania huingia zaidi katika utaratibu huu wa pili, kwa kuwa umekuwapo kwa miaka mingi.

Hapo mfugaji wa Igunga ana haki ya kuuliza: kama ugonjwa umekuwapo siku zote na kila mtu anaujua, kuripoti kunanisaidia nini? Jibu limo ndani ya kirusi chenyewe. Ugonjwa wa miguu na midomo hausababishwi na kirusi cha aina moja. Nchini Tanzania zimepatikana aina nne, ambazo wataalamu huziita O, A, SAT1 na SAT2, na chanjo ya aina moja haimkingi ng'ombe dhidi ya nyingine. Serikali au mfugaji akinunua chanjo bila kujua aina inayozunguka mwaka huo, anaweza kuchanja kundi zima na bado ng'ombe wakaugua, kisha watu wakasema chanjo ni maji tu. Aina hiyo haijulikani kwa kukisia. Hujulikana kwa sampuli, na sampuli haiwezi kuchukuliwa mahali ambapo hakuna aliyetoa taarifa.

Njia ya taarifa yenyewe, kwa mkoa wa Tabora, haina fumbo. Mfugaji humwambia afisa mifugo wa kata, au mtendaji wa kijiji pale ambapo afisa mifugo hayupo. Taarifa hupanda hadi kwa daktari wa mifugo wa wilaya, ambaye huja kuona, kuchukua sampuli na kuzuia mifugo isitoke. Sampuli hupelekwa kwenye Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, ulio na kituo Tabora mjini, na yale yanayohitaji vipimo vikubwa hupelekwa maabara kuu, Temeke. Taarifa huendelea hadi kwa Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari wizarani, na huyo ndiye anayesema na Paris kwa jina la nchi.

Njia hiyo ina kona moja ambayo haizungumzwi vya kutosha. Daktari wa mifugo wa wilaya ameajiriwa na halmashauri, na bosi wake wa kila siku ni mkurugenzi wa halmashauri, si Mkurugenzi wa Huduma za Veterinari. Halmashauri hiyohiyo inategemea ushuru wa minada ya awali, yaani ile ya wilayani ambako ng'ombe huuzwa mara ya kwanza, kama sehemu ya mapato yake. Kwa hiyo mtaalamu anayependekeza mnada ufungwe anamwomba mwajiri wake akose fedha. Sisemi kwamba wakurugenzi huficha magonjwa. Ninasema kwamba utaratibu unamweka mtu mmoja mahali ambapo kusema ukweli kunamgharimu, jinsi ulivyomweka yule mzee wa Nzega. Kimya kina wenyewe katika kila ngazi, na si haki kumtupia mfugaji peke yake.

Kuhusu gharama ya siku zinazopotea, sijaona somo lililo wazi kuliko lile la Uingereza, mwaka 2001, nchi yenye barabara nzuri, madaktari wa mifugo wa kutosha na sheria kali ya kutoa taarifa. Februari mwaka huo, mkaguzi katika machinjio moja huko Essex aliwashuku nguruwe, na vipimo vikathibitisha ugonjwa wa miguu na midomo. Ufuatiliaji ulirudi nyuma hadi kwenye shamba moja la nguruwe kaskazini, Northumberland, ambako ugonjwa ulikuwapo kwa siku kadhaa bila kuripotiwa. Katika siku hizo kirusi kilikuwa kimewafikia kondoo wa jirani, kondoo wakapelekwa sokoni, na kutoka sokoni wakasambaa kwa malori. Ugonjwa ulipothibitishwa, mashamba yasiyopungua 57 yalikuwa yamekwisha kuambukizwa. Hadi tukio hilo linakwisha, mwishoni mwa Septemba, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wameuawa, wengi wao wakiwa wazima kabisa. Mwenye shamba alitiwa hatiani na mahakama kwa kosa la kutotoa taarifa, lakini hukumu yake haikumrudisha hata kondoo mmoja.

Chukua hesabu hiyo uilete mnadani kwetu. Kirusi cha miguu na midomo hukaa mwilini siku 2 hadi 14 kabla ya malengelenge kuonekana mdomoni, na mnyama huanza kuambukiza kabla hajaonesha dalili. Mnada wa awali hufanyika kila wiki au kila wiki mbili. Ng'ombe anayeuzwa leo anaweza kuwa ndani ya lori usiku huu kuelekea mnada wa Pugu, Dar es Salaam, na mwenzake aliyesimama naye kamba moja akanunuliwa na mchuuzi wa kijiji cha tatu. Mfugaji akichelewa kusema kwa wiki moja, huenda amepitisha mnada mmoja. Na minada ndiyo inayoandikiwa vibali, ndiyo inayofuatiliwa kirahisi. Hakuna kibali kinachoandikwa ng'ombe wanapoenda kulipa mahari, wala wanapogawiwa kwa mjomba ili malisho yasizidiwe, wala wanapohamia Kaliua usiku kutafuta majani. Hizo ni njia za heshima na za busara katika maisha ya mfugaji wa Kisukuma na Kinyamwezi, na ndizo zinazoupitisha ugonjwa mahali ambapo daftari halifiki.

Sasa nirudi kwa mzee na simu yake. Kwa mtazamo wa uchumi wa nyumba yake, hesabu aliyokuwa akiipiga ilikuwa sahihi. Anayeripoti hulipa gharama leo: mnada hufungwa, maziwa hayauzwi, majirani humnung'unikia kwamba ndiye aliyewaletea karantini. Faida ya taarifa yake huenda kwa watu ambao hata hawatamjua, yaani wafugaji wa vijiji vya mbele ambao ng'ombe wao hawakuugua. Sheria inapomwekea adhabu asiyeripoti, inaongeza uzito upande mmoja wa mizani, lakini adhabu humfikia yule tu aliyegundulika, na aliyenyamaza vizuri hagunduliki. Uingereza iliwalipa wafugaji thamani ya wanyama waliouawa kwa amri ya serikali, na bado mmoja alinyamaza. Mahali ambapo fidia ni ndogo, au inachelewa hadi mfugaji anaisahau, kutegemea hofu ya faini peke yake ni kujidanganya. Kwa maoni yangu, jambo la kwanza la kurekebisha ni karantini zenyewe: ziwe za eneo dogo linalohitajika, ziwe na tarehe ya kupimwa upya, na mfugaji aelezwe ni nini kitakachozifungua. Karantini isiyo na mwisho unaojulikana huwafundisha watu kunyamaza safari ijayo.

Wapo wanaosema wafugaji wetu hawana utamaduni wa kutoa taarifa. Hilo si kweli, na Unyamwezi na Usukuma ni ushahidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi katika mipaka ya Shinyanga na Tabora, vijiji viliunda sungusungu. Ng'ombe akiibwa, yowe, ambalo Wasukuma huliita mwano, lilipigwa usiku huohuo, na aliyelisikia alipaswa kulipokea na kulipeleka mbele hadi kijiji cha pili na cha tatu. Aliyebaki kitandani alitozwa faini. Sungusungu walifanya makosa yao, na baadhi yalikuwa mazito, lakini lile yowe lilifanya kazi kwa sababu mbili: kila mtu alijua kwamba kesho anaweza kuwa yeye, na aliyepiga yowe alipata msaada palepale. Hakuna aliyeadhibiwa kwa kuibiwa. Taarifa ya ugonjwa, ilivyo leo, ina sharti la kwanza na inakosa la pili.

Sotoka yenyewe ilikwisha kwa njia inayofanana na hiyo. Ugonjwa huo uliingia pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880, ukashuka kusini kwa kasi na kufyeka sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki; maboma yakabaki matupu, njaa ikafuata, na vichaka vikarudi pamoja na mbung'o mahali palipokuwa malisho. Karne iliyofuata ilileta chanjo bora, hasa ile iliyotengenezwa na daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake huko Muguga, Kenya. Lakini chanjo haikuweza kumaliza kazi peke yake. Ilifika hatua nchi zikalazimika kuacha kuchanja, ili kirusi kilichobaki kisipate pa kujificha, na kuanzia hapo ulinzi wote ukawa ni macho na midomo ya wafugaji. Mwaka 1997 sotoka ilipoonekana tena kaskazini mwa Tanzania, ilikuja kwa sura ya upole kiasi kwamba ng'ombe wengi hawakufa, na ilikuwa rahisi kuipuuza. Wataalamu walikwenda mabomani kuwauliza wazee walichokiona, kwa majina ambayo wazee wenyewe huyatumia. Mara ya mwisho ugonjwa huo ulionekana mwaka 2001, kwa nyati wa Meru, Kenya, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba umetokomea, ugonjwa wa kwanza wa wanyama kufutwa kabisa. Sotoka ya mbuzi na kondoo, iliyoripotiwa rasmi nchini mwetu mwaka 2008, imewekewa lengo la kutokomezwa ifikapo 2030.

Homa ya Bonde la Ufa ilitupa somo la upande wa pili. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2006 zilijaza mabonde, mbu wakazidi, na mbuzi, kondoo na ng'ombe wakaanza kutupa mimba kwa wingi. Kaskazini mashariki mwa Kenya, wafugaji Wasomali walikuwa na jina la ugonjwa huo, sandik, linalotokana na damu ya puani, na walikwisha kuuona mifugoni mwao kabla serikali haijatangaza. Mwanzoni mwa 2007 ulifika Tanzania, ukaitesa zaidi Dodoma na Morogoro, na zaidi ya watu 100 wakafariki nchini. Wengi wa wanaoambukizwa huupata kwa kushika damu, kusaidia mnyama anayezaa au kuchinja mnyama mgonjwa. Mimba zinapotupwa kwa wingi katika zizi moja baada ya mvua nyingi, hiyo ni taarifa ya zahanati kama ilivyo ya bwana mifugo.

Maksai wa Nzega alikuwa na dalili za kimeta, na hapo ndipo agizo la mzee, "huyu hachunwi", lilipobeba elimu kubwa kuliko alivyoieleza. Kijidudu cha kimeta kilichomo ndani ya mzoga uliofungika hufa kadiri mzoga unavyooza. Ukiupasua, hewa inaingia na damu inamwagika, na kijidudu hujigeuza kuwa mbegu ngumu isiyouawa na jua wala ukame, inayoweza kukaa udongoni miongo kadhaa ikingoja ng'ombe mwingine ale majani ya mahali pale. Kisu kimoja kingetosha kulitia zizi lile ugonjwa kwa umri wa wajukuu wake. Wale wenye masinia nao wangekuwa hatarini, anayechuna kupitia mkwaruzo wa ngozi na anayekula kupitia tumbo.

Nilimsikiliza alipoongea na bwana mifugo, na sidhani kama kuna mtu anayeweza kutoa taarifa bora. Alitaja kitongoji na alama ya kufikia. Alisema ni ng'ombe wangapi zizini, wangapi wamekufa, tangu lini. Alieleza damu isiyoganda na kwamba mzoga haukukakamaa. Alisema ng'ombe wake wananywa bwawa gani na nani mwingine hunywesha hapo. Alisema hakuna aliyeuza, hakuna aliyedunga sindano, na hakuna aliyechuna. Hakutaja jina la ugonjwa hata mara moja.

Bwana mifugo alifika alasiri kwa pikipiki, akavaa glavu, akachukua damu kidogo kutoka sikioni bila kuupasua mzoga, akaagiza ng'ombe waliobaki wasitoke. Vijana sita walichimba shimo palepale jirani na zizi, lenye kina cha kuzidi kimo cha mtu, ili mzoga usiburutwe mbali. Waliutumbukiza pamoja na udongo uliolowa damu, wakamwaga chokaa, wakafukia. Jioni mzee alikata matawi ya miiba akazungushia mahali pale, kisha akawaita wajukuu wake wote, hata yule mdogo aliyekuwa bado hajaanza kuchunga, akawaonyesha kwa fimbo ulipo mwanzo wa shimo na ulipo mwisho wake.